Je, Jina la Baba ni Urithi au ni Deni?

Yatupasa kuanza na habari yenyewe, maana bila hiyo msomaji atadhani twabishana juu ya maneno matupu. Shule yetu i karibu na ufuko wa Ziwa la Nyanza, upande wa Mwanza, mahali ambapo nusu ya wazazi huvua dagaa na nusu hulima pamba. Asubuhi moja, kabla ya kengele, mama mmoja alikuja akaketi chini ya mwembe akangoja. Baada ya salamu alisema, "Walimu wangu, nimekuja kuomba jina la mtoto wangu libadilishwe." Tulidhani ataka kusahihisha herufi, kama wafanyavyo watu wengi mitihani inapokaribia. Kumbe alitaka jina la baba liondolewe kabisa, na mahali pake liandikwe jina la babu mzaa mama, mzee aliyekuwa katekista miaka mingi, ambaye watu wa huku wamkumbuka kwa wema hata leo.

Baba wa binti huyo alikuwa mpimaji katika chama cha wakulima wa pamba. Wakulima waliona kilo zao zapungua baina ya nyumbani na mzani, wakavumilia msimu mmoja, wakavumilia wa pili, na wa tatu wakaleta mzani wa kuazima, wakapima mzigo ule ule mara mbili mbele ya mashahidi. Mambo yakafika mahakamani, naye hakukana. Sasa yumo gerezani. Jina lake hatulitaji. Binti yake yu darasa la saba, mkimya na mwenye akili, na wenzake wamempachika jina la Mzani. Wapitapo karibu naye huinamisha bega moja kama kitanga kilicholemewa. Mama alisema, "Nyumba imekwisha kuchukuliwa na aibu. Nataka niokoe mtoto." Naye alikuwa na sababu ya kuharakisha. Katika fomu za siku hizi mtoto huandikwa majina matatu, lake na la baba na la babu au la ukoo, na majina hayo yakiisha kufika kwa Baraza la Mitihani humfuata mtu katika kila cheti apatacho, na kuyabadilisha baadaye ni kazi ya viapo na gharama.

Sisi walimu tuligawanyika. Wengine walisema, mpeni jina la babu yake. Si uongo, ni damu yake pia. Wengine walisema, baba yu hai, na shule si mahali pa kumzika mtu aliye hai. Mzee mmoja wa kanisa, tuliyemwomba shauri, alitutia mashaka zaidi, kwa maana alitukumbusha kuwa Kutoka 20 husema juu ya uovu wa baba kuwafikia wanawe hata kizazi cha tatu na cha nne. Akauliza kama kalamu ya shule yaweza kufuta jambo la namna hiyo. Hatukuwa na jibu. Tukamwomba mama atupe juma moja, na katika juma hilo tulikesha tukizungumza jambo ambalo hatukuwahi kulifikiri, ijapokuwa mikono yetu imeandika majina yasiyo na hesabu: mtu akipokea jina la baba yake, amepokea nini hasa?

Kwanza tulitaka kujua desturi hii imetoka wapi. Wazee wetu Wasukuma hawakumwita mtoto kwa jina la baba. Aliyezaliwa wakati wa mvua aliitwa Mabula. Mapacha walikuwa Kulwa na Doto. Na aliyewafuata mapacha akawa Shija. Jirani zetu Wajaluo humwita Otieno aliyezaliwa usiku. Kwa hiyo Mabula wa Magu na Mabula wa Geita si lazima wawe ndugu. Walichoshirikiana ni wingu. Kitu kilichorithiwa kwa baba kilikuwa ukoo pamoja na miiko yake, nacho hakikuandikwa popote. Kisha vikaja vitabu: kitabu cha ubatizo, daftari la kodi, orodha ya shule. Karani mwenye safu mbili za kujaza aliuliza, "Jina lako? Na la baba?" Jina la baba likakaa katika safu ya pili, na mtoto wa mtoto alipofika likawa limekwisha kukauka pale, ndilo tuliitalo leo jina la ukoo. Katika vijiji vingi vya kwetu halina umri mkubwa kuliko kengele ya misheni. Twasema hivi si kwa kulidharau, bali ili msomaji asidhani kuwa mama yule alitaka kubomoa jambo lililowekwa tangu Adamu.

Mfano ulio mkubwa u karibu nasi. Ukifuata ufuko wa ziwa kuelekea Musoma, kisha ukaingia bara kidogo, utafika Butiama katika nchi ya Wazanaki. Jina la Nyerere leo limeandikwa juu ya kiwanja cha ndege, juu ya barabara, juu ya bwawa la umeme la mto Rufiji. Walakini mwanzo wake ni mdudu. Yasimuliwa kwamba mtoto mmoja alizaliwa yapata mwaka 1860, wakati viwavi walipoivamia nchi, na kwa Kizanaki viwavi hao huitwa nyerere. Mama yake akampa mtoto jina hilo. Baba yake aliitwa Burito, naye akajulikana kuwa Nyerere Burito, akawa mtemi mwaka 1915, akafa mwaka 1942. Kati ya watoto wake mmoja alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922, siku ya mvua kubwa, akaitwa Kambarage, ambalo ni jina la pepo wa mvua. Jina la Julius alilipata kwa ubatizo mwaka 1943, baba yake akiwa amekwisha kufa. Basi katika majina yake matatu, moja lilitoka kanisani, moja lilitoka mawinguni, na lile ambalo dunia nzima ilimjua kwalo lilitoka kwa viwavi waliokula mashamba.

Je, alirithi nini pamoja na jina? Kiti cha utemi hakukipata. Kilikwenda kwa ndugu yake Edward Wanzagi. Mama yake, Bibi Mgaya, alikuwa mke wa tano katika nyumba yenye wake ishirini na wawili, na mtoto wa nyumba kama hiyo hachungiwi mbuzi na mtu mwingine. Alikwenda shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Baadaye alisoma Tabora na Makerere na Edinburgh. Watu wawili walikuwa na jina moja la baba mmoja, mmoja akikalia kiti na mwingine akiketi darasani. Na mwaka 1963 serikali iliyoongozwa na huyu wa pili ikaufuta utemi katika nchi yote, hata ule wa nyumba yake mwenyewe. Hapo ndipo tulipobishana sana. Mwenzetu mmoja alisema, "Tazameni, alilikana jina la baba." Twaona sivyo. Aliondoa cheo cha baba, jina akalibeba mpaka London alikofia tarehe 14 Oktoba 1999, nalo likarudi pamoja naye Butiama, akazikwa Mwitongo, penye mji wa baba yake. Mtu aweza kukataa kukaa kitini mwa baba yake asikatae kuwa mtoto wake. Tena, watu walipotaka kumwita kwa heshima hawakutumia jina la mtemi. Walimwita Mwalimu, kwa kazi aliyoifanya Tabora na Pugu, kazi ambayo mshahara wake twaujua. Tulisikia fahari tulipofika hapo, wala hatuoni haya kukiri.

Mfano wa pili ni wa hapa Mwanza, nao wahusu mizani. Paul Bomani alizaliwa Ikizu, upande wa Musoma, mwaka 1925, mwana wa mhubiri wa Waadventista Wasabato. Mdogo wake Mark alizaliwa mwaka 1932. Baada ya Vita Kuu vya Pili wakulima wa pamba wa Usukuma na Ukerewe walinung'unikia sana mizani za wanunuzi, maana mkulima asiyejua kusoma namba alipewa fedha na kuambiwa aende zake. Paul Bomani aliingia katika kazi ya vyama vya Waafrika mjini Mwanza mwaka 1947, akazunguka vijijini, akawashawishi wakulima waungane. Vyama vidogo vikawa vingi, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, yeye akiwa meneja wake mkuu. Shirikisho hilo likawa miongoni mwa makubwa kabisa ya wakulima katika Afrika. Wazee wa huku waliouza pamba siku zile hawasimulii habari za mikutano wala hotuba; husimulia kwamba mtu aliweza kusimama mbele ya mzani akaona mshale umesimama wapi.

Basi tungalidhani jina hilo lingetosha kwa vizazi vitatu. Halikutosha hata miaka kumi na mitano. Septemba 1965 Paul Bomani, wakati huo Waziri wa Fedha, aliomba kura katika Mwanza hii hii, na watu wakamchagua mwingine. Ushirika alioujenga ulikuwa umekwisha kuwa mkubwa, wenye makarani wengi na makato mengi, na manung'uniko yaliyokuwa juu ya mfanyabiashara yalikuwa yamehamia kwa karani wa chama. Mwaka uliofuata, 1966, kamati ya Rais ikapewa kazi ya kuvichunguza vyama vya ushirika. Na mwaka ule ule wa 1965 ambao Mwanza ilimnyima Bomani mmoja, Bomani wa pili, Mark, alifanywa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, akaishika kazi hiyo mpaka 1976. Kura za Mwanza hazikumfuata. Baba mmoja, jina moja, mwaka mmoja. Mmoja amepimwa na wakulima, mwingine amepimwa kwa sheria aliyoisoma. Paul naye hakuishia hapo, maana Rais alimrudisha katika baraza la mawaziri, na tangu 1972 akawa balozi wetu Marekani kwa miaka kumi na zaidi. Mark alipokuwa mzee, mwaka 2007, aliongoza kamati ya kuchunguza mambo ya madini, na watu wakaiita Kamati ya Bomani. Hapo jina hilo lilirudi tena kwenye kazi ya kupima, safari hii dhahabu badala ya pamba, lakini kwa mkono mwingine.

Tulipofika hapo tuliona ya kuwa jina la baba halifanani na shamba wala ng'ombe. Ng'ombe akirithiwa hutoa maziwa kwa mrithi kama alivyotoa kwa marehemu. Sifa haikamuliwi namna hiyo. Ikiwa mwana ana haki, ni haki aliyoifanya yeye, na jirani akimwamini kwa ajili ya baba yake amemkopesha tu, na siku ya kulipa yaja. Twajua nyumba, hapa kijijini, zilizokula mkopo huo mpaka ukaisha.

Walakini yatupasa tuwe wa haki kwa majirani pia. Mwenye duka akikataa kumpa mtu chumvi na sabuni kwa deni kwa sababu baba yake hakulipa, si kwamba ni mtu mwovu. Hana kitu kingine cha kumpimia mgeni ila jina. Wazee husema mtoto wa nyoka ni nyoka, nao waliosema hivyo walikuwa wameumwa. Jina hufungua milango na kufunga milango, na mtu amwambiaye mtoto wa mfungwa kwamba jina si kitu humdanganya, na mtoto ajua kuwa amedanganywa. Tusingependa kuandika hapa maneno mazuri ambayo binti yule angeyasoma akatuona wapumbavu.

Ndipo tukamkumbuka mtu wa tatu, ambaye hakuacha mtoto wa kulichukua jina lake. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896, wa ukoo wa watawala wa Ukerewe, akafundishwa na Mapadre Weupe katika misheni ya Kagunguli, kisha akapelekwa seminari ya Rubya, Bukoba. Yeye na mkewe Anna hawakujaliwa mtoto aliyekua. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe kitabu kirefu juu ya mume na mke waliokosa mtoto, ambao jamaa walitaka kuwatenga, nao wakakataa kutengana. Hakikupata mpigaji chapa. Akakiandika upya kwa Kiswahili kwa mkono wake, na kilipochapwa mwaka 1980 alikuwa mzee sana. Alikufa mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia. Sasa tazameni jina la kitabu hicho: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Ni baba, mama, mwana na binti, na hakuna wawili wenye jina moja. Ntulanalwo, kwa Kikerewe, ni kama kusema naishi na kifo siku zote. Bulihwali ni kuuliza huzuni itakwisha lini. Mtoto hakubeba jina la baba. Alibeba kilio cha baba, na siku zote alipoitwa watu walikumbuka alivyosubiriwa. Msomaji wa kitabu hicho ajua kuwa hao wanne ni nyumba moja kwa jinsi walivyotendeana, maana herufi za majina yao hazimwambii.

Yaliyosalia tuliyapata katika Maandiko, na mwanafunzi ndiye aliyetufungulia. Kila mwaka katika somo la dini huulizwa swali hili: Herode aliyewaua watoto wa Bethlehemu amekufa katika Mathayo sura ya 2, amerudije katika Marko 6 kumwua Yohana, na tena katika Matendo 12 kumwua Yakobo? Kila mwaka twaeleza kuwa hao ni watu watatu wa nyumba moja, Herode Mkuu, na Antipa mwanawe, na Agripa mjukuu wake, nao wametumia jina moja na upanga mmoja. Watoto hucheka. Mwaka huu mvulana mmoja hakucheka. Alitazama nyuma alikoketi binti yule, akasema, "Basi damu haipotei." Darasa lote likageuka. Mwalimu aliyekuwa mbele, ambaye ni mmoja wetu, alinyamaza mahali ambapo hakupaswa kunyamaza, akaendelea na somo.

Tungalijua kujibu siku ile, tungalisema kuwa nyumba ya Herode ina wa nne. Agripa wa pili, mwana wa yule wa Matendo 12, alimsikiliza Paulo aliyefungwa minyororo, katika sura ya 26, wala hakuona kosa lililostahili kifo. Hakuokoka, twasema hivyo kwa masikitiko, lakini hakuua. Na katika Matendo 13 yumo Manaeni, aliyelelewa pamoja na Herode mfalme, ambaye akawa mmoja wa manabii na walimu wa kanisa la Antiokia. Alikula katika nyumba ile ile.

Lakini neno lililotushika kuliko yote ni la Kora. Kila mtu ajua kuwa Kora alimwasi Musa, na kwamba nchi ilifunua kinywa ikammeza, Hesabu 16. Watu wachache husoma mpaka sura ya 26, mahali ambapo katika orodha ndefu ya kuhesabu watu pameandikwa kwa maneno machache kwamba wana wa Kora hawakufa. Walibaki na jina la nani? La yule aliyemezwa. Na katika Mambo ya Nyakati wa Kwanza, sura ya 9, wajukuu wao wamesimama kuwa mabawabu wa hema ya Bwana, yaani wamepewa kulinda mlango, kazi ambayo mtu mwenye busara ya dunia asingaliwapa watoto wa mwasi. Katika sura ya 6 ya kitabu hicho hicho, ukifuata nasaba kwa kidole, utamkuta Samweli mwenyewe katika uzao wa Kora. Tena fungueni Zaburi: ya 42, ya 44 mpaka ya 49, ya 84, ya 85, ya 87 na ya 88 zina jina la wana wa Kora juu yake. Wangaliweza kujiita wana wa Lawi, au wana wa Kohathi, na isingalikuwa uongo, kwa maana hao nao ni babu zao. Hawakufanya hivyo. Waliliweka jina la mwasi juu ya nyimbo, na Zaburi ya 84, ile inayosema juu ya kusimama mlangoni mwa nyumba ya Mungu, imeimbwa na watu ambao babu yao alimezwa na nchi.

Tulimrudia yule mzee wa kanisa na habari hii. Hakuwa mtu wa kushindwa upesi, naye alisema Kutoka 20 bado ipo. Ni kweli ipo. Tukamsomea Ezekieli 18, ambapo nabii awakataza watu wake methali yao ya zabibu mbichi na meno ya watoto, asema kila mtu atakufa kwa dhambi yake mwenyewe. Akafikiri sana, kisha akasema jambo ambalo sisi tuliosoma hatukulisema: "Baba akichoma nyumba, watoto hulala nje. Hiyo ni Kutoka. Lakini polisi akija hawafungi watoto. Hiyo ni Ezekieli." Twaona amefasiri vyema. Taabu ya kosa huwafikia wana. Ada hukosekana, sabuni hukosekana, watu hugeuza nyuso. Hatia haiwafikii. Na shida kubwa ya kijiji chetu ni kwamba twaona mtoto amelala nje, twadhani ndiye aliyechoma.

Hapo hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe, mbali na kule kunyamaza darasani. Tangu siku baba yake alipohukumiwa, sisi walimu tulipoita majina asubuhi tulikuwa tukiyaita yote kwa majina mawili, la mtoto na la baba. Tulipofika kwa binti yule tuliita lake moja tu, kwa sauti ya upole. Tulidhani ni huruma. Watoto arobaini na tatu walisikia huruma hiyo kila asubuhi kwa miezi mitano, wakajifunza kutoka kwetu kwamba jina hilo halitamkiki. Yule mvulana wa Herode hakulitoa neno lake hewani. Na kabla hatujamtafutia mama jibu, mwalimu mmoja mgeni, aliyekuja kwetu muhula huu, aliuliza jambo la kuaibisha: binti mwenyewe amesemaje? Tulikuwa tumesoma Mambo ya Nyakati na kuhesabu Zaburi, na mtoto hatujamwuliza.

Tulimwita pamoja na mama yake, chini ya mwembe ule ule. Tulimwambia kwamba jina la babu yake ni jema na ni haki yake, kwamba akilichagua hatutamwona mwongo, na kwamba akibaki na la baba hatutamwona mkaidi. Tulimsimulia habari za wana wa Kora, kwa ufupi, maana watoto hutambua upesi mtu mzima anapotaka kuwasukuma. Mama alianza kulia. Binti alikaa akichora udongo kwa kidole cha mguu. Alipozungumza hakusema neno juu ya sifa wala aibu, wala juu ya wenzake na mabega yao. Aliuliza, "Baba akitoka, akija hapa kuniulizia kwa jina lake, nikiwa nimeandikwa jingine, mtamwambia hamnijui?"

Mzee wa kanisa, aliyekuwa amekaa pembeni, alivua kofia. Mama alifuta uso kwa khanga, akasema, "Mwanangu, mimi sikufikiri huko." Wakazungumza kwa Kisukuma wao wawili, nasi tukaondoka kidogo tusisikie.

Fomu zilipelekwa siku ya Alhamisi zikiwa na majina matatu, kama yalivyokuwa tangu darasa la kwanza. Aliyaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, na katika la pili kalamu ilitia wino mwingi kidogo, tukamwachia vivyo hivyo. Wenzake hawajaacha kuinamisha mabega, wala hatujui lini wataacha. Wawili tumewaadhibu, na mmoja ni mtoto wetu. Ijumaa asubuhi tuliita majina. Tulipofika kwake tuliita la kwake na la baba yake, kwa sauti ile ile tuliyomwitia aliyemtangulia, naye akaitika.